Wateso wa Busia na Tororo: mpaka umewagawa, simu inawakusanya

BUSIA/TORORO. Mkazi wa Busia anaweza kutoka Kenya na kuingia Uganda kwa muda mfupi kuliko wa kumaliza kikombe cha chai. Kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, kilipunguza foleni za malori na za wasafiri. Lakini mkazi huyo ana mpaka mwingine mfukoni, ndani ya simu yake. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Uganda iliufunga mtandao wa Facebook, nao ukabaki umefungwa hata baada ya kura kuhesabiwa na miaka kupita. Ng'ambo ya pili, Kenya, mtandao huo huo uliendelea kufunguka kama kawaida.

Kwa mchuuzi wa samaki au mwendesha boda boda, tofauti hiyo ni usumbufu tu wa kubadilisha laini. Kwa jamii ambayo imeanza kukusanyika mtandaoni ili kuimba, kuzika, kutaja koo zake na kuwafundisha watoto lugha, jambo hilo linaingia hadi ndani ya nyumba. Sherehe inarushwa moja kwa moja kutoka upande mmoja wa mpaka, na ndugu wa upande wa pili, aliye umbali wa kusikia ngoma yenyewe, hawezi kuiona kwenye simu.

Jamii hiyo ni Wateso. Mengi ya yanayotokea kwao yanatokea pia kwa Wasamia, Jopadhola, Wagisu na Wabukusu. Ila kisa cha Wateso kinaonyesha wazi zaidi kile ambacho mtandao unaweza kuwapa watu waliogawanywa na ramani, na kile usichoweza.

Mstari wa 1902

Sensa ya Uganda ya mwaka 2014 iliwahesabu Wateso zaidi ya milioni 2.3. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu zaidi ya laki nne, wengi wao wakiwa katika kaunti ndogo za Teso Kaskazini na Teso Kusini, ndani ya Kaunti ya Busia. Kwa asili ni wa kundi kubwa la watu wa Ateker, pamoja na Wakaramojong wa Uganda, Waturkana wa Kenya, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia.

Wateso wa Busia na Tororo wamegawanywa mara mbili. Kwanza, makazi yao yametengana na ya ndugu zao wa Soroti, Kumi na Ngora, kwa sababu katikati wanaishi Wagisu, Wagwere na wengine. Ndiyo maana wanazuoni huwaita Wateso wa kusini. Pili, wao wenyewe wamekatwa na mpaka wa nchi mbili.

Mpaka huo haukuwapo walipofika. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, eneo ambalo leo ni magharibi mwa Kenya lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, na watawala wa Kiingereza wakataka njia yote iwe chini ya utawala mmoja. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo ukahamishiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Baadaye mstari uliwekwa kwa kufuata mito, ikiwemo Sio, Malaba na Lwakhakha, hadi Mlima Elgon. Mto ambao familia moja ilikuwa ikichota maji kwenye kingo zote mbili ukawa ukuta wa dola mbili.

Watu waliendelea kuvuka. Neno boda boda lenyewe, ambalo leo linatumika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa Busia miaka ya 1960 na 1970, vijana wa baiskeli walipokuwa wakibeba abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Pamoja na abiria hao zilivuka pia habari za ndoa, misiba, majina ya watoto na nyimbo.

Kwa upande wa utamaduni, Wateso wana kiongozi mmoja anayeitwa Emorimor, cheo kinachomaanisha anayeunganisha. Wa kwanza alikuwa Augustine Osuban, aliyesimikwa mwaka 2000, na aliyemrithi ni Paul Sande Emolot. Nchini Uganda nafasi yake inatambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2011 ya viongozi wa jadi na wa kitamaduni, ambayo pia inawakataza viongozi hao kujiingiza katika siasa za vyama. Sheria hiyo inakoma mpakani. Wateso wa Kenya humheshimu kwa mila tu, kwa kuwa kwao hana ofisi ya kiserikali.

Mkutano usio na ukumbi

Kabla ya mwaka 2020, kujumuika kulikuwa na maana ya kusafiri. Mwishoni mwa mwaka, wanaofanya kazi Nairobi, Kampala, Eldoret na Jinja walirudi nyumbani, na matamasha ya utamaduni yalipangwa kufuata likizo hiyo. Tamasha la Wateso katika Kaunti ya Busia limewahi kuwavuta viongozi wa nchi zote mbili. Akogo, ala ya kisanduku cha mbao yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, zilipigwa kwa pamoja. Vyungu vya ajon, pombe ya wimbi ambayo Waganda wengi huiita malwa, viliwekwa katikati, na wazee wakakizunguka kila chungu na mirija yao mirefu.

Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria ili kuzuia virusi vya korona. Kenya nayo iliweka kikomo cha watu 15 katika mazishi. Busia na Malaba, malori yaliruhusiwa kupita baada ya madereva kupimwa, na foleni zikafika kilomita nyingi. Mizigo ilivuka, waombolezaji hawakuvuka. Mzee aliyefia upande wa Kenya alizikwa bila dada yake aliyeolewa Tororo, ingawa kutoka boma moja hadi jingine ni mwendo wa baiskeli.

Hapo ndipo simu ilipochukua kazi ambayo haikuwa yake. Mazishi yalianza kurushwa moja kwa moja. Michango ilipita kwa pesa za simu. Vikundi vya WhatsApp ambavyo awali vilikuwa vya kutangaza misiba tu vikageuka mabaraza: mtu anauliza asili ya jina la ukoo wake, mwingine anatuma picha ya zamani ya shule, wa tatu anaomba wimbo ambao bibi yake alikuwa akiuimba akisaga.

Mpaka ulipofunguliwa, mabaraza hayo hayakufungwa. Yalikuwa yameshajaza pengo ambalo lilikuwepo kabla ya korona. Kijana aliyezaliwa Nairobi hajui kwamba kwa Wateso ukoo, unaoitwa ateker, hukataza ndoa ndani yake. Akipata mchumba, swali la kwanza la wazee ni ukoo wa binti, na kijana hana jibu la ukoo wake mwenyewe. Siku hizi swali hilo huulizwa kwenye kikundi mapema, kabla posa haijapelekwa, na jibu linaweza kutoka Malaba, Tororo au Soroti ndani ya saa moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa majina. Katika Kiteso jina lina historia ya siku ya kuzaliwa. Mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Okiru, msichana huitwa Akiru, kwa kuwa akiru ni mvua. Mzazi aliye ughaibuni, mwenye mtoto wa wiki moja, anatuma picha na maelezo, na shangazi wanapendekeza jina. Sherehe ya kulitaja inafanyika nyumba mbili kwa wakati mmoja, nyingine ikiwa ng'ambo ya bahari.

Waitalia nao

Wateso hawako peke yao katika njia hii. Watu wengi waliotawanyika duniani wamefanya hivyo, na mfano ulio wazi ni wa Waitalia. Italia iliungana kuwa nchi moja mwaka 1861, na katika miongo iliyofuata mamilioni ya watu wake waliondoka kwenda Marekani, Argentina na Brazil. Walioondoka walijiita watu wa Sicilia, wa Veneto au wa Napoli, na wengi hawakuelewana kwa lugha zao za nyumbani. Ugenini, kwa kukaa mitaa ile ile na kufuata misafara ile ile ya watakatifu, ndipo wengi wao walipojifunza kujiita Waitalia.

Mwaka 2020 gwaride kubwa la Waitalia wa New York, linalofanyika kila Oktoba, halikupita barabarani. Lilihamia kwenye televisheni na intaneti. Serikali ya Italia nayo iliutangaza mwaka 2024 kuwa mwaka wa mizizi ya Kiitalia duniani, ikiwaalika wajukuu wa wahamiaji kuvitafuta vijiji vya mababu zao. Hesabu yake ilikuwa rahisi: anayeijua nyumba ya babu yake kwa picha atataka siku moja kuiona kwa macho, na akija atalala hotelini na kula mgahawani.

Jambo kama lile la mitaa ya New York linaonekana katika mabaraza ya Wateso, kwa kiwango chake. Mteso wa Soroti na Mteso wa Busia hawasemi sawa kila neno. Wa kusini wameishi na Waluhya na Wapadhola, wamechukua maneno yao na hata majina yao. Wakikutana katika kikundi kimoja hubishana: hili ni neno letu au tumeazima? Ubishi huo ni darasa. Walio upande huu wanagundua neno ambalo babu zao waliliacha njiani, na walio kule wanagundua kwamba lugha yao imefika mbali kuliko walivyodhani.

Tofauti iko kwenye uwezo. Waitalia wana serikali, balozi na taasisi za utamaduni katika miji mikubwa ya dunia. Juni 2024, kampuni ya Google ilipoongeza lugha 110 katika programu yake ya tafsiri, zilimo lugha za Sicilia, Veneto, Lombardia, Liguria na Friuli. Kutoka kanda yetu ziliingia, miongoni mwa nyingine, Kiluo, Kiacholi, Kialur na Kikiga. Kiteso hakikuwamo.

Sauti kabla ya maandishi

Hilo halina maana kwamba hakuna kinachofanyika. Nchini Uganda, shirika la Sunbird AI, likishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, limekusanya sentensi na sauti za lugha tano za mwanzo, Kiteso kikiwa mojawapo pamoja na Kiacholi, Kiganda, Kilugbara na Kinyankole, ili kompyuta ziweze kujifunza kuzitafsiri. Kampuni ya Vision nayo iliwahi kuchapisha gazeti la Kiteso, Etop, jina linalomaanisha nyota. Mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 ulikiweka Kiteso kati ya lugha za kufundishia madarasa ya chini.

Tatizo la Busia na Tororo ni mchanganyiko. Darasa moja linaweza kuwa na watoto wa Kiteso, Kisamia, Kidhola na Kigwe, na mwalimu anaishia kufundisha kwa Kiingereza au Kiswahili. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Ila mtoto wa namna hiyo huisikia lugha ya nyumbani kwa bibi tu, na bibi akiondoka, sauti inaondoka naye.

Ndiyo maana kilichobadilisha mambo zaidi ni ujumbe wa sauti, huduma ambayo WhatsApp iliiongeza mwaka 2013. Wazee wengi huzungumza Kiteso kizuri lakini hawakijui kwa kalamu. Zaidi ya hayo, Kiteso kina irabu za kunong'ona mwishoni mwa maneno. Msemaji huzitamka kwa pumzi tu, na asiyeizoea lugha hazisikii kabisa. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi pumzi hiyo. Anayejifunza kwa kusoma peke yake hulitamka neno kwa ukavu, na wazee humcheka. Anayesikiliza sauti ya mzee dakika mbili kila jioni huipata pumzi hiyo bila kufundishwa kanuni.

Kurekodi si jambo geni hapa. Kati ya mwaka 1949 na 1952, Klaus Wachsmann, aliyeongoza jumba la makumbusho la Uganda, alizunguka sehemu nyingi za nchi akirekodi muziki. Kanda zake ziliishia Maktaba ya Uingereza jijini London, na miongo sita baadaye nakala zikarudishwa Makerere na kuwekwa katika hifadhi inayobeba jina lake. Kwa miaka yote hiyo, wajukuu wa waimbaji hawakuwa na njia ya kuzisikia.

Simu imeondoa sababu ya kusubiri miaka 60. Imeleta hasara nyingine: rekodi za leo zinapotea upesi kuliko zile kanda. Ujumbe wa sauti hukaa kwenye simu hadi nafasi ijae, kisha mwenye simu hufuta. Simu ikiibwa au ikitumbukia majini, wimbo umekwenda. Nyingi hazina jina la mwimbaji, kijiji wala tarehe. Mtu akiukuta wimbo huo baada ya miaka 20, atajua ni wa Kiteso na hatajua zaidi ya hapo.

Wimbi la Kakapel

Kuna urithi mwingine ambao mtandao umesaidia kuuokoa kwa njia iliyo bora zaidi. Kakapel, katika Teso Kaskazini, ni mwamba wenye michoro ya kale, ya wanyama na ya maumbo ya miviringo, iliyochorwa na watu wa nyakati tofauti. Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa mnara wa taifa mwaka 2004. Shirika la TARA, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996 ili kuhifadhi sanaa ya miambani barani Afrika, liliupiga picha, na picha zake kutoka sehemu nyingi za bara ziliingizwa katika mkusanyiko wa Jumba la Makumbusho la Uingereza unaoonekana kwenye intaneti.

Mwaka 2024 Kakapel ilisikika tena. Watafiti walieleza kwamba mbegu walizozichimba chini ya mwamba huo ni miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi wa kilimo cha mimea Afrika Mashariki. Kunde zilikuwa na umri wa takriban miaka 2,300. Wimbi lilikuwa limeshalimwa hapo angalau miaka 1,000 iliyopita.

Habari hiyo ilikuwa na uzito wa pekee hapa, kwa kuwa wimbi ndilo nafaka ya ugali wa heshima na ndilo linalotengeneza ajon. Waliolilima zamani hizo hawakuwa Wateso. Wateso walifika sehemu hizi karne za karibuni. Kwa hiyo chakula ambacho Wateso hukiita chao kilikuwa kimelimwa katika udongo huu na watu wengine kabla yao, na huenda baadhi ya wajukuu wa watu hao ni majirani wanaobishana nao leo kuhusu ardhi.

Na hapo kwenye wimbi ndipo simu inapofika mwisho wa uwezo wake. Mtaalamu wa anthropolojia kutoka Marekani, Ivan Karp, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Wateso wa Kenya, aliandika kuhusu unywaji wa ajon kama shule ya kuishi na watu. Watu wanaokizunguka chungu kimoja wanakubali kukaa karibu, kugusana magoti, kusikilizana na kumwamini aliyeandaa. Chungu hakirushwi moja kwa moja. Video ya wazee wakinywa ni picha ya watu wengine wakiwa pamoja; aliye Toronto au Dubai anabaki mtazamaji. Sherehe za mtandaoni zinazodumu ni zile zinazoishia kwa watu kupanga tarehe ya kukutana ana kwa ana.

Ua ndani ya simu

Kukutana mtandaoni nako kuna gharama. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda, na baadaye Sudan Kusini, zilikubaliana kuwa na eneo moja la mtandao wa simu, ambapo kupiga ng'ambo ya mpaka hakutozwi kama simu ya nje ya kanda. Mpango huo ulianza na simu za sauti. Wakati huo sauti ndiyo ilikuwa biashara. Leo watu hujumuika kwa bando, na bando ndilo linalotozwa.

Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa na mahali pake ikawekwa ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Bibi wa Tororo anayetaka kutazama harusi ya mjukuu wake inayofanyika Busia analipa kodi hiyo ndani ya bando lake. Ukiongeza kufungwa kwa Facebook, waandaaji wengi wanalazimika kurusha sherehe moja katika mitandao miwili au mitatu ili kila upande upate.

Wakazi wana dawa zao. Wana laini mbili. Walio karibu na mpaka hupanda mahali pa juu kushika mawimbi ya ng'ambo, kama wazazi wao walivyopita njia za panya na sukari. Lakini aliye ndani zaidi, Tororo mjini chini ya ule mwamba wake, hawezi kuyashika.

Sherehe ya nani?

Lipo jambo zito kuliko bando. Tororo imekuwa kwa miaka mingi na mvutano kati ya Wateso na Jopadhola kuhusu kugawanywa kwa wilaya, hasa swali la manispaa ya Tororo iwe upande upi. Busia ya Kenya nayo ina historia yake: miaka ya 1990 Wateso walipewa wilaya yao ya Teso, kisha Katiba ya mwaka 2010 ikawarudisha katika kaunti moja na Wakhayo, Wasamia, Wamarachi na Wanyala. Kila uchaguzi huamsha hesabu za nani ni wengi.

Katika hali hiyo, wimbo wa ukoo unaweza kutumwa kama furaha na kupokelewa kama madai ya ardhi. Ramani ya zamani inayowekwa kwenye kikundi ili kuonyesha safari za mababu huchukuliwa na mwingine kuwa ushahidi wa mahakamani. Sherehe ya uwanjani ina kinga moja: jirani yupo, anaona kwamba watu wanacheza tu, na anapewa chakula. Kikundi cha simu hakina jirani. Kina watu wa kabila moja wanaozungumza wao kwa wao, na neno ambalo lisingesemwa mbele ya mgeni husemwa bila breki, kisha mtu mmoja analituma nje.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ililielewa hilo ilipoanzisha tamasha la JAMAFEST, lililofanyika Kigali mwaka 2013, Nairobi 2015, Kampala 2017 na Dar es Salaam 2019, kabla korona haijalivuruga lile lililopangwa kufuata. Tamasha hilo liliwaweka wachezaji wa nchi mbalimbali katika jukwaa moja. Lakini lilikuwa tamasha la mataifa, kila nchi na kikosi chake. Kwa mgawanyo huo, Mteso wa Malaba hucheza chini ya bendera ya Kenya na binamu yake wa Tororo chini ya bendera ya Uganda, kama watu wasiojuana.

Busia na Tororo zinaweza kufanya kinyume, na bila gharama kubwa. Familia nyingi hapa ni mchanganyiko: mama Mteso, baba Msamia, shemeji Mpadhola. Tamasha la mtandaoni linalowaalika wote, akogo ya Wateso ikifuatwa na ngoma za Jopadhola na za Wasamia, linakuwa na jirani ndani yake tangu mwanzo. Maneno ya uchochezi hupata taabu kusemwa mbele ya shemeji.

Kazi iliyobaki

Hatua za kuchukua zinajulikana. Kila anayemrekodi mzee aanze kwa kutaja jina la mzee, kijiji, ukoo na tarehe, kabla ya wimbo kuanza. Kila kikundi kiwe na mtu mmoja wa kuhamisha rekodi kutoka kwenye simu kwenda kwenye diski, na nakala ziwekwe pande zote mbili za mpaka, kwa mfano hifadhi ya Makerere na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Wanaorekodi waitumie kuhakikisha kwamba mwimbaji ndiye anayeamua wimbo wake utatumikaje.

Kwa serikali, la kwanza ni bando. Eneo moja la mtandao lililoanza na sauti mwaka 2014 halijakamilika kama harusi ya Busia bado ni ghali kuitazama ukiwa Tororo. La pili ni kuacha kuifunga mitandao ambayo watu wanaitumia kuzika wafu wao na kuwapa watoto majina.

Walio na haraka zaidi ni wazee wenyewe. Mtu aliyekuwa na miaka kumi Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, na Kenya mwaka uliofuata, sasa ana zaidi ya miaka 70. Huyo ndiye aliyewasikia watu waliokuwa hai kabla mstari wa 1902 haujapigwa, waliofahamu boma lipi lilikuwa la nani katika kingo zote mbili za mto Malaba. Bado anaweza kusema, na simu iko mkononi mwa mjukuu wake. Anachosubiri ni mjukuu kumsalimu kwa Kiteso, Yoga, na kumwomba aanze.